Hodi za Vuli

Shuleni tulifundishwa kwamba msimu wa majani kupukutika unaitwa vuli. Mama yangu, aliyekuja kutuona kutoka Tanga, hataki hata kulisikia hilo. Kwake vuli ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba, za kuwahi kupanda mahindi na kunde kabla jua halijarudi kuchoma. Tunaishi Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis. Siku aliyoona majani ya uani kwetu yamegeuka rangi, alisimama dirishani na kikombe cha chai akaniuliza, "Sasa hapa mnapanda nini?" Nikamwambia hatupandi kitu, tunafagia tu. "Vuli gani hiyo ya kufagia!" Tangu hapo nyumbani kwetu msimu huu unaitwa "hiyo ya kufagia", na mwanangu wa miaka minne hajui jina jingine.

Mjadala ninaousimulia nao ulianzia kwenye kufagia. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba: familia tatu, watoto sita, reki nne. Majani ya huku yana sheria zake. Huruhusiwi kuyachanganya na taka za nyumbani, yanaingia kwenye mifuko ya karatasi ya peke yake. Ukiyasukumia barabarani, mvua inayapeleka mferejini, mfereji unayapeleka ziwani, na fosforasi iliyomo inaotesha mwani mpaka maji yanakuwa kama mchuzi wa mlenda. Mwaka wetu wa kwanza tuliyasukumia barabarani yote, tukajipongeza. Jirani, mama wa Kimarekani mwenye umri wa mama yangu, alikuja kutuelekeza kwa upole ambao ulituaibisha kuliko matusi.

Majina sitayataja, nitawaita kwa nafasi zao. Bibi ni mama yangu. Mume ni mume wangu. Muuguzi ni dada yetu kutoka Kisii, anayefanya kazi wodi ya watoto. Papa ni rafiki wa familia kutoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyefika hapa kwa kupitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kiswahili chake nimekiandika kwa sarufi ya kwetu, isipokuwa pale nilipoona utamu ungemwagika. Jirani ameshatajwa. Mimi ni mimi, mshtakiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne moja katikati ya mwezi, saa moja usiku, giza limeshaingia. Mume wangu hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea watu wenye ulemavu. Anaingia saa tano, anatoka saa moja asubuhi, kwa hiyo hulala kwa vipande, kimoja baada ya kifungua kinywa na kingine jioni. Alikuwa kwenye kipande cha jioni. Mtoto mdogo, miezi mitano, ndio kwanza alikuwa ameshikwa na usingizi baada ya saa nzima ya kubembelezwa. Tukasikia, "Hodi!"

Nilijua ni nani. Mtaa mzima una kengele za milangoni, na ni mtu mmoja tu anayebisha kwa mdomo. Nikanyoosha mkono nikazima taa ya sebuleni, kisha swichi ya pili, taa ya nje ya mlango. Bibi akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Mama yangu mzazi huyo. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Halafu nyayo juu ya majani makavu, kra, kra, kra, hadi kwenye gari. Ndio ubaya wa msimu huu: hakuna anayeondoka kimyakimya. Asubuhi tukakuta mfuko wa matufaha kwenye ngazi.

Jumamosi ile, baada ya mifuko kumi na saba ya majani, tuliingia ndani kupasha mikono moto. Muuguzi akaanza kusukuma chapati. Bakuli la matufaha lilikuwa katikati ya meza.

PAPA: Mbona matufaha hamjakula? Nilileta kumi na mawili. Nahesabu kumi na mawili.

MIMI: Tunayala polepole, shemeji.

BIBI: Muongo huyo. Mie ndiye niliyewakataza. Sili cha mtu aliyesimamishwa gizani.

Mti wa chapati ukasimama. Mume wangu akaangalia dari, kama vile kuna kitu kimeandikwa pale.

PAPA: Mama, kula tu. Hilo si tufaha la kawaida. Linaitwa Honeycrisp. Limezalishwa hapahapa, Chuo Kikuu cha Minnesota, wakalitoa kwa wakulima mwaka 1991. Na 2006 jimbo likalifanya tunda lake rasmi, sababu watoto wa shule ya Bayport waliomba. Tufaha lenye diploma! (Akacheka peke yake, kisha akaacha.) Miye nilijua mko ndani. Gari liko, viatu viko mlangoni. Nikasema labda wanasali.

MUME: Lawama nipe mimi, kaka. Nilikuwa nimelala. Nikiamshwa saa moja silali tena, na saa nane usiku nina mtu wa kumgeuza kitandani na mwingine wa kumpa dawa. Nikikosea kipimo kwa sababu ya kusinzia, hakuna atakayeniuliza nilikuwa na mgeni gani. Usingizi wangu ndio kodi ya nyumba hii.

PAPA: Sikukatalii usingizi. Ningekaa na Mama, tungeongea taratibu.

MUUGUZI: Acha niseme ukweli, hata kama Mama atanikasirikia. Huku mtu hupiga simu kwanza. Si roho mbaya, ni ratiba. Na huu msimu ndio usiseme. Kuanzia sasa hadi machipuko kuna kirusi kinaitwa RSV. Kwako wewe ni mafua ya siku tatu. Kwa mtoto wa miezi mitano kinaweza kushuka mapafuni, unamwona anavuta pumzi hadi ngozi inaingia katikati ya mbavu. Tangu 2023 watoto wachanga wana sindano ya kinga, na huyu wetu amechomwa, nilifuatilia mimi mwenyewe. Lakini sindano si ukuta. Na wewe, Papa, una wawili shuleni.

PAPA: Batoto wangu walikuwa wazima.

MUUGUZI: Kila mtoto ni mzima mpaka Alhamisi.

Bibi akaguna. Ni mguno wa kwake, hauna maana moja.

MUUGUZI: Ujumbe mmoja tu kwenye WhatsApp: "Naweza pita saa moja?" Basi. Unajibiwa ndiyo au la.

PAPA: Dada, randevu ni ya daktari. Nikituma ujumbe, najua jibu: "Wiki hii tumebanwa, tuseme wiki ijayo." Wiki ijayo naambiwa mtoto ana kikohozi. Inayofuata ni theluji. Halafu Aprili tunakumbatiana bustanini tunaulizana, "Ulipotelea wapi?" Nilikaa Nyarugusu miaka kumi na minne. Nyumba za udongo zimebanana, ukikohoa usiku jirani anakwambia pole asubuhi. Kule hodi haikuwa swali. Ilikuwa taarifa: ninaingia! Hapa nina milango mitatu, wa mbele, wa nyuma na wa gereji, na mtu pekee anayebisha ni mleta mizigo. Naye akishaweka boksi chini anakimbia kama mwizi.

Tulicheka, lakini yeye alikuwa hajamaliza.

PAPA: Julai tulionana mara ngapi? Kila Jumapili. Nani alimpigia mwenzake? Hakuna. Mnakwenda ziwani, miye nakwenda ziwani, moshi wa nyama unatuita. Septemba, mara mbili. Oktoba nimekuja mara moja, nikaongea na mlango.

Nilizihakiki hesabu hizo baadaye, na zilikuwa sahihi. Wakati wa joto urafiki wetu haukuwa na mlango wa kugongwa. Tuliishi nje, na anayeishi nje hana haja ya kukaribishwa. Baridi ikishaanza kuuma, kila familia inarudi ndani ya boksi lake, na kuonana kunageuka kitu cha kuamuliwa na mtu. Sisi wazazi wa watoto wadogo, jioni ikifika, hatuna nguvu ya kuamua hata chakula cha kesho.

Na jioni yenyewe hufika mapema, hapo ndipo saa zetu za Kiswahili zinapotutupa. Saa hizi zilikua pamoja na jua la Ikweta, jua la kutegemewa. Tanga, mwaka mzima, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na mtu akisema "njoo saa kumi na mbili" ameshakwambia hali ya mwanga, shughuli za jikoni na watakaokuwa barazani. Minneapolis iko karibu na nyuzi 45 kaskazini, nusu ya safari kutoka Ikweta hadi ncha ya dunia. Septemba mosi jua linazama karibu saa mbili kasorobo. Mwezi wa Oktoba mchana unapungua kwa dakika kama tatu kila siku. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba (kabla ya 2007 ilikuwa ya mwisho ya Oktoba) nchi inarudisha saa nyuma, na jioni hiyo jua linakwenda kabla ya saa kumi na moja. Bibi, ambaye maisha yake yote alijua magharibi kwa kutazama mnazi wa jirani, sasa anatazama simu. "Kila siku mnaniibia dakika," ananiambia, kana kwamba mimi ndiye ninayezifungia kabatini. Saa moja usiku ya Julai hapa ni mchana mweupe, watoto wako kwenye baiskeli. Saa moja ya Oktoba ni usiku kweli, na mtu anayebisha usiku unamshtukia kabla hujamkumbuka jina. Papa hakubadilika. Alikuja saa ileile aliyozoea kuja. Kilichobadilika ni saa.

Nililisema hilo mezani, nikidhani nimeokoka. Bibi akaweka kikombe chini.

BIBI: Mmesema, nami niseme. Nyie wote mnanitegemea niseme mlango haufungwi. Hamkusoma chuo nyie? Tumefundishwa: ukifika kwa mtu, omba ruhusa mara tatu. Usipojibiwa, rudi, tena usirudi na kinyongo. Mwenye nyumba ana haki na nyumba yake. Huenda amevua nguo, huenda wamegombana, huenda amechoka tu. Kuchoka nako ni udhuru. Huyu baba alibisha tatu, akaondoka. Amefanya sawasawa.

PAPA: Asante, Mama.

BIBI: Ngoja. Na wewe mwanangu, kutofungua ni haki yako, sikulaumu. Lakini taa! Ulikuwa umewasha, ukazima. Kufunga mlango ni kusema "leo siwezi". Kuzima taa ni kusema "sipo". Hilo la pili ni uongo, na umenifanya na mie niuseme, kimya kimya, na uzee wangu huu.

Hakuna aliyegusa chapati. Mtoto akalia chumbani, nikamshukuru, nikaenda. Niliporudi nikakuta mada imekwenda kwenye Halloween, na sikujua kama wamenihurumia au wamechoka nami.

Ilikuwa inakuja Ijumaa. Muuguzi hataki wanawe washiriki, anasema mavazi ya mizimu hayampendezi na pipi hizo atakuja kuzilipia kwa daktari wa meno. Mume wangu anasema wavae usimba na uaskari, waende, warudi, yaishe. Mjadala huo nauruka, kila familia ya kwetu huku inao na kila mmoja huumaliza kivyake. Lakini Bibi alikuwa hajawahi kuusikia, akataka aelezwe taratibu.

BIBI: Watoto wanatoka usiku?

MUME: Ndiyo, Mama. Jioni, giza likishaingia.

BIBI: Wanabisha kwa watu wasiowajua?

MUME: Mtaa mzima.

BIBI: Bila kupiga simu?

Muuguzi akainamia chapati yake. Papa alipiga meza kwa furaha hadi tufaha moja likabingirika likaanguka, mwanangu akaliwahi chini akaling'ata. Hivyo ndivyo mgomo wa Bibi ulivyovunjwa.

Wakati huohuo kengele ikalia. Alikuwa Jirani, amerudisha reki yetu na mkate wa maboga uliofungwa kwa karatasi. Tukamvutia kiti. Nikamtafsiria tunabishania nini, nikiacha sehemu yangu. Mume wangu, ambaye hana huruma, akaiongeza.

JIRANI: Lakini si mnajua habari ya taa? Siku ya Halloween nyumba yenye taa ya mlangoni inayowaka, watoto wanakwenda. Iliyozima, wanapita. Hakuna anayeuliza wala anayenuna. Taa imejibu.

PAPA: Mwaka mzima ni hivyo?

JIRANI: (baada ya kufikiri) Hapana. Usiku mmoja tu. Sijui kwa nini.

Kisha akatusimulia Halloween ya 1991. Theluji ilianza kuanguka mchana wa Oktoba 31 na haikwisha hadi Novemba 3. Minneapolis na Saint Paul zikafunikwa na zaidi ya sentimita 70. Wanawe walikuwa wadogo, akawavalisha mabawa ya popo juu ya makoti, wakapita nyumba nne tu wakarudi wakilia. Mumewe alikuwa amekwama kazini. Kesho yake asubuhi mlango wa mbele haukufunguka, umezuiwa na theluji. Akasikia sauti nje: mwanamume wa nyumba ya pili, ambaye katika miaka mitatu walikuwa hawajawahi kupeana hata salamu, alikuwa na koleo anamchimbia njia.

JIRANI: Hakunipigia simu kwanza.

PAPA: Mmesikia?

MUUGUZI: Ile ilikuwa dhoruba, Papa.

PAPA: Na miye mnataka nisubiri dhoruba?

Nilimtafsiria Jirani. Alicheka, halafu akasema wenyeji wenyewe hujitania kwamba Mminnesota atakuelekeza popote unapotaka isipokuwa nyumbani kwake. Ila ukishaingia kwake, kutoka ni kazi: mnaagana mezani, mnaagana tena koridoni, mnaagana mlangoni na makoti yameshafungwa vifungo, kisha gari linawaka na bado mnaongea dirishani. Bibi akaniambia nimwambie kwetu hiyo inaitwa kusindikiza, na aliyesindikizwa vizuri naye husindikiza aliyemsindikiza. Wakaelewana wale wawili. Nikaona wivu kidogo.

Jirani alipoondoka, kwa kuagana mara tatu, Papa akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

PAPA: Kwa hiyo Jumanne ile taa yenu ilikuwa inasema kitu. Nisamehe, shemeji. Miye sijasoma kusoma taa.

MIMI: Haikuwa usingizi wa mume wangu.

MUME: Sasa unaanza nini?

MIMI: Wala haikuwa mtoto. Mtoto analala hata king'ora kikipita. Shemeji, sebule ilikuwa na nguo za siku tatu juu ya kochi hazijakunjwa. Vyombo vya mchana vilikuwa kwenye sinki. Tulikula uji wa watoto, mimi na Mama, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kupika. Ungekaa wapi? Ungekula nini? Nilizima taa kwa sababu sikuwa na cha kukupa.

PAPA: Nilikuja na matufaha.

BIBI: Nani alikwambia mgeni anataka pilau?

MIMI: Wewe, Mama! Miaka ishirini! Mgeni akionekana njia panda kuku wetu walikuwa wanaanza kukimbia wenyewe. Soda inatumwa dukani kwa mkopo. Sisi watoto tunaambiwa tumeshiba. Mgeni hakuwahi kuondoka kwenu na chai kavu.

BIBI: Kule nilikuwa na nyie wa kutuma dukani. Nilikuwa na shangazi yako wa kufagia na bibi yako wa kumshika mtoto. Wewe hapa una nani?

Nataka niseme maoni yangu hapa, maana nimekaa sana kwenye kiti cha mshtakiwa. Tunaoishi huku tunapenda kulaumu baridi, shifti na tabia za wenyeji. Vyote vina sehemu yake. Lakini karibu tuliyosafiri nayo ilikuwa karibu ya nyumba yenye watu tisa, na tunataka iendeshwe na watu wawili ambao hawajalala. Ina gharama ya jioni nzima: kupika, kupanga, kujipamba, kumsindikiza. Mtu akishindwa kuilipa yote, haipunguzi. Anaizima. Wazungu tunaowasema kuwa wana ubahili wa mlango, mara nyingi wakikufungulia wanakupa kikombe cha kahawa na biskuti mbili, na hawaoni aibu. Sisi tunaona bora tusionekane kabisa kuliko kuonekana na strungi mkononi. Muuguzi, mwenye WhatsApp yake, naye anajua hili kuliko sisi sote. Nimepita kwake mara tano mwaka huu, na mara zote tano nilipiga simu siku mbili kabla, na mara zote tano nikakuta nyama, chapati na yeye mwenyewe amechoka hata kutabasamu. Simu ile haikuwa ya kunizuia. Ilikuwa ya kupata muda wa kupika. Nilipomwambia alikaa kimya, akapindua chapati, akasema, "Eeh. Na kudeki."

Hatukuandika maazimio. Muuguzi alishikilia kwamba anayekuja kwenye nyumba ya mtoto mchanga lazima aseme mapema, aoshe mikono akifika, na akiwa na mafua abaki kwake, hata akiwa babu. Hakuna aliyempinga. Papa alisema ataendelea kubisha, ila atatazama taa. Mume wangu akasema taa ikizima isomwe kuwa amelala, isisomwe kitu kingine, na Bibi akamjibu kwamba kama amelala, mkewe ana mdomo: aende mlangoni, afungue kidogo, aseme, "Leo hatuwezi, baba, samahani." Maneno manne. Akayahesabu kwa vidole.

Ijumaa ya Halloween tuliwasha taa. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kajifunga kanga juu ya sweta, bakuli la pipi mapajani, na kila kundi lilipobisha aliitikia "karibuni!" kwa sauti ya Tanga. Watoto wa watu walisimama na ndoo zao wakisubiri kuelewa. Alitaka waingie wakae. Ilinibidi nimweleze mara kadhaa kwamba hawa ni wa mlangoni tu.

Jumapili saa zikarudishwa nyuma. Kufikia saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeshazama, na Bibi alikuwa chumbani anapanga sanduku. Tiketi yake ilikuwa ya katikati ya Novemba, tulimkatia makusudi asikutane na theluji. Kochi lilikuwa na nguo. Kwenye sinki sitaki kusema. Mume wangu alikuwa macho, kwa bahati, anamvua mkubwa buti. Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka. Sitadai kwamba niliiwasha kwa nia. Tangu Ijumaa hakuna aliyeizima.

Simu ikaita. Alikuwa Papa.

"Shemeji, habari za jioni. Niko nje hapa. Taa naiona inawaka, lakini nikasema nipige simu kwanza."

Nikageuka kumwangalia Bibi, aliyekuwa amefika mlangoni mwa chumba na kanga tatu mkononi. Alikuwa amesikia.

"Mwambie akate hiyo simu," akasema, "abishe hodi."

Nikaenda jikoni kubandika maji ya chai.